Kitufe Kilichohama

Kubadilisha sura ya mtandao wa kijamii ni kupanga upya kile ambacho mtumiaji anakiona na kukigusa: rangi, alama, mahali pa vitufe, utaratibu wa kuonyesha habari, na wakati mwingine kazi yenyewe ya mtandao. Mabadiliko hayo hufika kimya kimya. Simu huachwa kwenye chaji usiku, programu hujisasisha yenyewe, na asubuhi mwenye simu hukuta alichokizoea kimehamishwa, kimepakwa rangi nyingine au hakipo kabisa. Tangu mitandao hiyo ianze kukusanya watu kwa mamilioni, katikati ya miaka ya 2000, karibu kila badiliko kubwa limepokewa kwa malalamiko. Yapo yanayokoma baada ya wiki mbili, na yapo yanayobaki miaka. Kuyachanganya ni kosa ambalo kampuni zimelifanya mara nyingi, na wanaoumia zaidi kwa kosa hilo ni watumiaji ambao sauti yao haifiki mbali.

Wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, mtandao ulioingia ndani kabisa ya kazi za kila siku ni WhatsApp. Mji wa Kamembe, na Cyangugu ya zamani iliyo chini yake kando ya maji, vinatazamana na Bukavu ya Kongo pale Ziwa Kivu linapomwaga maji yake katika mto Rusizi kwenda Tanganyika. Wachuuzi wa mpakani, wengi wao wanawake, huvusha samaki wadogo waitwao sambaza, nyanya, mayai na maziwa kwenda Kongo, na vitenge hurudi njia hiyo hiyo. Biashara huanza kwa simu kabla mguu haujakanyaga daraja la mpakani: nani anataka ndoo ngapi, bei ya leo ni faranga au dola ngapi, mzigo upokelewe na nani. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya UVIKO-19, na bidhaa zikawa zinavushwa kwa pamoja badala ya kila mtu kubeba za kwake, simu ndiyo iliyobaki njia ya kuzungumza na mteja. Mazungumzo hayo huenda kwa Kinyarwanda, kwa Kimashi cha upande wa Bukavu na kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017 lakini pale mpakani ni lugha ya sokoni tangu zamani.

Mwaka 2024 watumiaji wa WhatsApp kwenye simu za Android waliona vichupo vya mazungumzo, stetasi na simu zilizopigwa vimeshushwa kutoka juu ya skrini hadi chini. Sababu ilikuwa ya maana. Skrini za simu zimerefuka, na dole gumba la mkono ulioshika simu halifiki juu kwa urahisi. Lakini mchuuzi ambaye hasomi kwa wepesi huijua simu yake kwa mahali pa vitu. Picha ya mteja wa Bukavu iko ya pili kutoka juu. Kipaza sauti kiko kona ya chini, upande wa kulia. Simu zilizopigwa ziko juu, kulia kabisa. Kidole kinakwenda chenyewe huku macho yakiwa kwenye beseni la sambaza. Siku vichupo viliposhuka, kidole kilichokwenda juu kulia kilikuta kitu kingine badala ya simu zilizopigwa, na mwenye simu akaamini kifaa kimeharibika. Safari inayofuata huwa ni ya kibanda cha fundi simu. “Mama, haijafa. Wamezishusha chini tu,” fundi humwonyesha, na jambo linakwisha kwa dakika moja. Hata hivyo kidole huendelea kwenda juu kwa siku kadhaa.

Hicho ndicho kiini cha aina ya kwanza ya malalamiko. Anayetumia programu mara hamsini kwa siku huacha kuisoma, mkono ukaikariri kama unavyokariri swichi ya taa chumbani. Kuhamisha kitufe ni kumrudisha kwenye darasa la kwanza katika kazi aliyokwisha kufuzu. Wanasaikolojia wameongeza maelezo mengine mawili. Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu hupendelea kitu kwa sababu tu wamekiona mara nyingi, hata kama hakina maana yoyote kwao. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyomfurahisha. Sura mpya, siku ya kwanza, ni hasara tupu: kilichopotea kinaonekana mara moja, na kilichoongezwa bado hakijajulikana kina faida gani. Ndiyo maana maoni ya wiki ya kwanza hayatoshi kupima ubora wa sura mpya. Hayatoshi pia kuwapuuza wanaoyatoa.

Kisa kilichoweka mfano wa vyote vilivyofuata kilitokea tarehe 5 Septemba 2006. Facebook wakati huo ilikuwa na watumiaji wasiofika milioni 10, wengi wao wanafunzi wa Marekani. Kabla ya siku hiyo, mtu aliyetaka habari za rafiki yake alifungua ukurasa wa rafiki huyo. Asubuhi hiyo kampuni ilianzisha mlisho wa habari, ukurasa mmoja uliokusanya kila tendo la kila rafiki na kulipanga kwa mfululizo: nani kaachana na nani, nani kaweka picha, nani kajiunga na kundi gani. Mwanafunzi mmoja, Ben Parr, alifungua kundi la kuupinga ndani ya Facebook yenyewe, na katika siku chache kundi likapita watu 700,000. Mark Zuckerberg aliandika kwanza akiwaomba watu watulie. Siku tatu baada ya uzinduzi aliandika tena, safari hii akikiri kwamba kampuni ilikosea, na vidhibiti vikaongezwa ili mtu achague matendo gani yatangazwe kwa rafiki zake.

Mlisho haukuondolewa. Uliigwa na karibu kila mtandao uliofuata, na leo ni vigumu kueleza Facebook bila kuutaja. Ndani ya kampuni waliona jambo lililowapa moyo: kundi la kupinga mlisho lilikua haraka kiasi kile kwa sababu mlisho ndio uliokuwa ukiwaambia watu kwamba rafiki zao wamejiunga nalo. Wengi katika sekta hiyo walijifunza kutoka hapo kwamba watu hupiga kelele, kisha huzoea. Somo hilo ni nusu tu ya yaliyotokea. Katika kundi lile walikuwamo waliochukizwa na ukurasa mgeni, na hao kweli walizoea. Walikuwamo pia waliosema kwamba habari waliyomwachia rafiki mmoja sasa inatandazwa mbele ya mia tatu. Hao hawakuwa wakilalamikia mazoea, na vidhibiti vilivyoongezwa vinathibitisha kwamba walikuwa na hoja. Hoja hiyo ya nani anaona nini imerudi tena na tena katika historia ya Facebook.

Mabadiliko ya juu juu huthibitisha nusu ya kwanza. Novemba 2015 Twitter ilibadilisha kitufe chake cha nyota kuwa cha moyo, watu wakalalamika kwamba moyo ni wa mapenzi nao hawapendi kila wanachokihifadhi. Kampuni ikaripoti kwamba kubonyezwa kwa kitufe hicho kulipanda kwa asilimia 6 katika wiki ya kwanza. Novemba 2017 kikomo cha herufi kilitoka 140 hadi 280, ikadaiwa kwamba ufupi umekufa, na majaribio ya kampuni yenyewe yakaonyesha kwamba ni asilimia 5 tu ya jumbe zilizovuka 140. Jina ni jambo jingine. Twitter ilipoitwa X, Julai 2023, Wakenya waliojiita KOT, yaani Wakenya wa Twitter, waliendelea kujiita hivyo, na Wanyarwanda wa RwOT vilevile. Kitenzi “kutwiti” hakikuondoka kinywani mwa wanaozungumza Kiswahili. Kampuni inaweza kuondoa ndege kwenye nembo kwa siku moja; neno lililokwisha kunyambuliwa halina mwenye kulisasisha.

Pale badiliko linapogusa kazi ya mtandao, matokeo huwa mazito. Digg, tovuti ya Marekani ambamo wasomaji walipigia kura habari zipande juu, ilitoa toleo lake la nne tarehe 25 Agosti 2010. Toleo hilo liliondoa kitufe cha kushusha habari na kuwapa wachapishaji wakubwa njia ya kujiingizia habari zao wenyewe. Watumiaji hawakuandika malalamiko tu. Siku chache baadaye waliujaza ukurasa wa kwanza wa Digg kwa viungo vya mshindani wake, Reddit, kisha wengi wakahamia huko. Julai 2012 jina na mitambo ya Digg viliuzwa kwa takriban dola 500,000. Snapchat nayo ilibadilisha mpangilio mwanzoni mwa 2018, ikichanganya stori za marafiki na mazungumzo yao katika sehemu moja. Waraka wa kuomba sura ya zamani irudi ulipata saini zaidi ya milioni 1.2, na watumiaji wa kila siku walipungua kutoka milioni 191 hadi 188 katika robo mwaka iliyofuata, kisha 186. Miezi michache baada ya badiliko hilo kuanza, kampuni ilirudisha sehemu ya mpangilio wa awali. Instagram ilipojaribu Julai 2022 kujaza skrini nzima kwa video, nyingi zikiwa za watu ambao mtumiaji hakuwafuata, wapinzani waliojumuisha Kim Kardashian na Kylie Jenner walifanya jaribio hilo lisitishwe kabla mwezi haujaisha.

Katika visa hivyo vitatu hakuna aliyekuwa akililia rangi. Watu walinyang'anywa kitu walichokuwa wakikitumia, yaani kura yao, orodha ya rafiki zao, picha za watu waliowachagua wenyewe. Kwa anayenunua bando la siku moja, video inayojicheza bila kuombwa ni hasara ya aina nyingine pia, kwa sababu inakula mega zilizonunuliwa kwa ajili ya kuzungumza na wateja. Facebook yenyewe ilikiri tatizo hilo ilipotoa Facebook Lite mwaka 2015, programu ya chini ya megabaiti 1 iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi zenye mtandao wa polepole na simu za bei nafuu.

Mfano unaoonyesha aina zote mbili za malalamiko kwa pamoja ni stetasi ya WhatsApp. Hadi Februari 2017, stetasi ilikuwa mstari mmoja wa maandishi chini ya jina: niko kazini, piga usiku, Mungu ni mwema. Mwezi huo, WhatsApp ilipotimiza miaka minane, mstari huo uliondolewa na mahali pake pakawekwa picha na video zinazofutika baada ya saa 24, kama ilivyokuwa Snapchat. Malalamiko yalikuwa makubwa. Wengine walisema hawataki WhatsApp igeuke kuwa Snapchat. Wengine walisema jambo dogo na la wazi zaidi: rudisheni maandishi yetu. Katikati ya Machi kampuni iliyarudisha, yakiwa kando ya stetasi mpya.

Kila upande ulipata ulichostahili. Mwaka 2018 WhatsApp ilitangaza kwamba watu milioni 450 walikuwa wakitumia stetasi mpya kila siku, na Afrika Mashariki imeigeuza kuwa kioo cha duka. Asubuhi, muuza vitenge wa Kamembe hutandika kitambaa juu ya kiti karibu na mlango, mahali penye mwanga, hukunja pindo ili ua lote lionekane, hupiga picha, huandika bei na kuiweka kwenye stetasi. Kufikia jioni anajua nani ameitazama, kwa kuwa orodha ya majina iko chini ya picha, na mteja aliyeitazama bila kuandika kitu hupigiwa simu. Hakuna kodi ya fremu, hakuna bango. Badiliko lililokataliwa na wengi mwaka 2017 likawa chombo cha riziki. Hata hivyo waliodai mstari wao wa maandishi hawakukosea, maana mstari huo ulirudi na ukatumika kuandika “tunapeleka hadi mpakani” kwa herufi ambazo hazikufutika kesho yake.

Wazungumzaji wa Kiswahili walishika nafasi ya mbele katika kisa kimoja kilichosikika duniani kote. Januari 2023 Wikipedia ya Kiingereza ilipokea mwonekano mpya uitwao Vector 2022, badiliko kubwa la kwanza la ukurasa wake wa kompyuta katika zaidi ya miaka kumi, baada ya matoleo mengine mengi kuupokea. Upau wa pembeni ulifichika, yaliyomo yakahamia kushoto, mistari ikafupishwa ili jicho lisichoke, na orodha ya lugha ikasogezwa juu. Shirika la Wikimedia lilieleza kwamba majaribio yalionyesha utafutaji kupanda kwa asilimia 30 na kuskroli kupungua kwa asilimia 15. Wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili, toleo lililoanza mwaka 2003 na linalojengwa na watu wa kujitolea, walipiga kura kuukataa mwonekano huo, na kura zao hazikuwa na mpinzani hata mmoja.

Wikipedia haikusanyi marafiki kama Facebook, lakini inajengwa na jumuiya, na hilo linaipa kura ile uzito wa pekee. Mhariri wa kujitolea hana mshahara. Anachokipata ni ukurasa anaoujua na wenzake anaowajua. Sura ya ukurasa huo inapoamuliwa mbali, kwa majaribio ambayo hakushirikishwa, kinachouma si nafasi nyeupe iliyobaki pembeni mwa maandishi. Wikimedia iliacha milango miwili wazi: kitufe cha kurudisha upana wote wa skrini, na uwezo wa mwenye akaunti kuchagua mwonekano wa zamani katika mipangilio yake. Msomaji asiye na akaunti hakupewa mlango wa pili. Kwa msomaji wa Rusizi anayetoka makala ya Kinyarwanda kwenda ya Kifaransa na kurudi kwenye ya Kiswahili, kuhama kwa orodha ya lugha hakukuwa jambo dogo.

Wengi hawapigi kura wala kutia saini. Wao hutafuta njia. Njia ya kwanza ni kutosasisha: masasisho ya kujiendesha huzimwa, kwa kuhifadhi bando na kwa kuepuka mageni, na programu ya zamani hutumika mpaka ikatae kufunguka. Njia ya pili ni GBWhatsApp na programu nyingine za aina hiyo, nakala zilizotengenezwa na watu wasiohusiana na kampuni, zinazomruhusu mtumiaji kupaka rangi atakayo, kuficha tiki za bluu, au kutumia namba mbili kwa simu moja. Zimeenea sana Afrika. Umaarufu wake ni maoni ya watumiaji yaliyo wazi kuliko dodoso lolote, kwa kuwa zinaonyesha hasa wanachotaka kukiamua wenyewe. Gharama yake ni kubwa: hazipatikani katika duka rasmi la programu, ulinzi wa mazungumzo hauna mdhamini, na WhatsApp hufungia namba za wanaozitumia. Mfanyabiashara aliyefungiwa namba hupoteza kitabu chake chote cha wateja.

Lipo badiliko lisilo na njia ya kulizunguka, nalo ni lile linaloiacha simu yenyewe nje. WhatsApp ilikoma kwenye simu za Nokia za S40 mwishoni mwa 2018. Simu hizo za vitufe, zenye betri ya siku kadhaa, ndizo zilizokuwa zimewaingiza watu wengi wa Afrika Mashariki katika mtandao huo. Katikati ya 2024 programu hiyo iliondolewa pia katika duka la KaiOS, mfumo wa simu za bei ndogo zilizoziba pengo la zile Nokia. Kwa wenye simu kubwa badiliko ni kuzoea. Kwa hawa ni kununua. Mwishoni mwa 2023 kampeni ya ConnectRwanda ilianza kutoa simu janja kwa faranga 20,000, na wengi wakapata skrini ya kugusa kwa mara ya kwanza maishani. Mwanafunzi wa aina hiyo ndiye anayehitaji kuliko wote kwamba kitufe alichofundishwa jana kiwe pale pale leo.

Kampuni husikiliza zaidi kwa hesabu kuliko kwa maneno. Sura mpya huonyeshwa kwanza kwa sehemu ndogo ya watumiaji, na kinachotazamwa ni kama wanafungua programu mara nyingi zaidi na kukaa muda mrefu zaidi. Anayekaa muda mrefu kwa sababu hakioni kitufe na anayekaa kwa sababu amefurahi huingia katika hesabu moja. Facebook iliwahi kuwapa watumiaji kura rasmi juu ya kanuni zake, kwa sharti kwamba matokeo yataifunga kampuni ikiwa asilimia 30 ya watumiaji wote watapiga. Desemba 2012 swali lilikuwa kama kura hizo zenyewe zifutwe. Walijitokeza watu wapatao 668,000, na asilimia 88 yao walipinga. Mtandao ulikuwa na watumiaji takriban bilioni moja, hivyo sharti lilitaka milioni 300. Kura zikafutwa.

Kuondoka ndiko jibu la mwisho, na ndilo gumu kuliko yote. Januari 2021 WhatsApp ilipotangaza kanuni mpya za faragha, watu wengi duniani walipakua Signal na Telegram. Telegram ilisema imepata watumiaji wapya milioni 25 ndani ya saa 72, na WhatsApp ikasogeza tarehe yake kutoka 8 Februari hadi 15 Mei. Lakini mtandao wa kijamii si kama sabuni ambayo mtu mmoja anaweza kubadilisha peke yake. Mchuuzi wa Kamembe aliyeweka programu mpya angekuta wateja wake wa Bukavu, wa Nguba na wa soko la Kadutu, wako kule kule walikokuwa, na kundi la wauza sambaza linaendelea kutangaza bei kule kule. Kila mmoja humngoja mwenzake atangulie. Programu mpya hukaa simuni wiki mbili tatu bila ujumbe hata mmoja, kisha siku nafasi inapojaa hufutwa, ili picha za vitenge vilivyoingia asubuhi zipate pa kukaa.